Hapana Kumi na Sita

Watu wa Butembo wakimwona mtu haelekei, humtafutia sababu moja, wakaifunga hapo. Mlevi, ni pombe. Mwanamke mkali, ni kukosa mume. Hiyo ya pili nimetajiwa mimi kwa miaka ishirini, na bado sijakutana na mwanamume ambaye angenipunguzia ukali. Kwa Éphraïm sababu ilikuwa masikio. Akipoteza shati, masikio. Akiunguza maharagwe, masikio. Wenzake wakimwacha njiani amechuchumaa anatazama siafu wakihama, ni yale masikio tu, maskini. Mimi niliyemfundisha kusoma ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jina lake ni Kakule Éphraïm, wa Kayna, kule Lubero ya kusini. Baba yake, Ananie, hununua maharagwe mashambani na kuyauza Kanyabayonga siku ya soko. Homa ya uti wa mgongo ilimshika mtoto akiwa na miaka minne, ikamwachia uhai na kuchukua usikivu wote. Alipofika miaka minane Ananie alimleta kwenye shule yetu ya viziwi, wamekaa juu ya lori la viazi, wote wawili vumbi tupu.

"Madame Orpa," akaniambia, "huyu mutoto iko na akili. Lakini akili yake inatembea. Namutuma maji ku kisima, anarudi na kinyonga."

"Papa, ni masikio," nikamjibu. "Mutu hapana sikia, atajua namna gani umemutuma nini?"

Ananie akakubali kwa heshima, maana mwalimu ni mimi. Siku ya kwanza kabisa baba mtu aliniambia kweli yote, nami nikamsahihisha.

Éphraïm alijifunza kusoma upesi kupita watoto wote niliowahi kuwafundisha. Alisoma hata magazeti yaliyofungiwa sabuni. Lakini daftari zake zilianza vizuri na kuishia katikati ya mstari, kama mtu aliyeitwa nje. Tulimpeleka kushona, akaunguza mashati mawili ya mchungaji kwa pasi ya makaa, tukasema kiziwi hasikii nguo ikilia motoni. Nisamehewe, ndivyo nilivyosema. Mtihani wa Serikali aliupata mara ya pili. Na chuo cha ualimu cha hapa mjini, ambacho hakikuwahi kuwa na kiziwi, kilikubali kumpokea kwa sharti kwamba mimi niende naye, nisimame kando ya ubao, nitafsiri.

Nilitia sahihi karatasi: mtafsiri hataongeza neno, hatapunguza neno, hatasema lake. Niliipenda ile karatasi. Ulimi hauna mfupa, watu husema. Lakini mikono imejaa mifupa, nami nilijisifu kwamba yangu haipindi.

Hayo yalikuwa mwaka wa tisini na tisa. Kufika elfu mbili na moja mji wetu ulikuwa kama chumba chenye milango mingi yote imefungwa kwa nje. Kusini, ukifika Kanyabayonga, kulikuwa na jeshi jingine. Kaskazini, kwenda Beni, ulihesabu bariyeri, vizuizi vya askari, mpaka ukachoka: hapa waasi waliobadilisha jina la chama kila msimu, pale Waganda, na milimani wapiganaji wa Mai-Mai waliomwona kila mtu ni msaliti. Mwanafunzi wa chuo alivaa kadi yake shingoni na kamba. Kadi ile haikuwa kinga kubwa, lakini askari alikuwa na kitu cha kuangalia kabla ya kukasirika. Asiyekuwa na kadi aliulizwa maswali. Na kiziwi huulizwa akiwa ameshawapa mgongo. Kasonia, fundi viatu, mwanafunzi wetu wa zamani, aliambiwa "Simama!" mara tatu kwenye bariyeri moja karibu na Beni. Aliendelea kutembea na begi lake la nyundo na misumari. Tulimzika bila begi.

Kwa hiyo nilijua ni nini hasa walichokuwa wakizungumzia, siku katibu wa masomo, Siméon Kahongya, aliponiita ofisini. Waalimu walikuwa wamelalamika. Éphraïm anasimama katikati ya somo. Éphraïm anatazama dirisha. Éphraïm alikuja kufanya mtihani wa pedagojia siku ya saikolojia.

"Madame Orpa, sisi tulikubali masikio," Siméon akasema, na hakuwa mtu mbaya. "Kichwa, hapana. Monsieur Maliro atamupima. Kama anaandika kama huyu kijana iko na trouble ya attention, donc iko inapte, hapana faa. Anatoa carte, anaenda kwabo."

"Kwabo Kayna? Na barabara iko vile?"

"Mimi hapana fanya barabara, Madame."

Zorobabel Maliro alikuwa mwanasaikolojia, mzaliwa wa hapa, aliyefundisha Kisangani. Alikuja Butembo kumzika mama yake na njia ikafungwa nyuma yake. Mwaka wa pili huo alikuwa akilala kwenye sebule ya shemeji yake na kutufundishia vijana. Mtu mrefu, suruali fupi, miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amebeba fomu ya maswali kumi na tisa ya Kifaransa, kopi ya kopi, herufi zimeota manyoya. Akaniambia ile trouble ni ugonjwa wa akili isiyokaa mahali pamoja: si ujinga, si utundu, mtu huzaliwa nayo. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Moyoni nilikuwa nikisema, huyu naye, na msiba wake na uzi wake, ndiye aje kumvua mtoto wangu kadi.

Tuliwekwa kwenye chumba cha kumbukumbu, sisi watatu, kati ya makabati ya mafaili. Mlango mmoja. Dirisha moja lenye nondo, na chini ya dirisha, mwisho wa mteremko, bariyeri ya mjini: boriti juu ya mapipa mawili na askari wanaokula mahindi ya kuchoma.

Swali la kwanza: je, mara nyingi hukosa attention, yaani umakini, akafanya makosa ya uzembe? Nilitafsiri. Éphraïm akageuka akatazama mlango. Kisha akanirudia, akajibu kwa mikono kwamba hapana, yeye yuko macho sana. Maliro akaandika jibu, na pembeni akatia msalaba mdogo.

Swali la pili: je, humwia vigumu kudumisha attention kwa muda mrefu? Éphraïm akatazama mlango. Msalaba.

Swali la tatu Maliro alianza kulisoma, akasita. Liliuliza kama mtu huyu mara nyingi anaonekana hasikii anaposemeshwa. Akajikuna shingo. "Hii tuache, Madame. Hapana ni mimi niliandika," akasema, akalikata kwa mstari. Yakabaki kumi na nane, nami nikaanza kumpenda kidogo, jambo lililoniudhi.

Tuliendelea. La nne, mlango. La tano, mlango, na safari hii goti lake likaanza kuruka chini ya meza. La sita lilikuwa na lile neno attention mara mbili. Éphraïm akaniuliza, haraka, mkono chini ya ukingo wa meza asionwe na Maliro: "Ngapi?"

Nilidhani anauliza maswali. "Kumi na tisa," nikamwambia.

Rangi ikamtoka. Akasimama, akaenda dirishani, akashika nondo, akatazama barabarani muda mrefu. Maliro alikuwa akiandika mistari mizima sasa, si misalaba. Éphraïm akarudi, hakukaa, akanisimamia akauliza: "Kumi na tisa, na sisi tumekaa tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Ile alama niliitunga mimi. Mwaka wa tisini na sita, askari wa serikali walipokuwa wakikimbia na kupora kila nyumba waliyoikuta, nilikuwa na watoto thelathini ambao bunduki ingelia nyuma yao wasigeuke. Ukutani kwa kibanda cha umeme, karibu na shule, palikuwa pameandikwa ATTENTION, yaani tahadhari, na fuvu la kichwa chini yake. Nikalichukua neno hilo. Vidole viwili chini ya macho, kisha mkono unachomwa kuelekea mlangoni: attention, wanakuja. Tulifanya mazoezi asubuhi na jioni mpaka nikichoma mkono vichwa vyote thelathini vinageukia mlango pamoja, na miguu inafuata. Hakuna mtoto aliyepotea. Nilijisifu sana.

Na kwa kuwa sikuwa na alama nyingine, niliitumia hiyo hiyo kila lile neno lilipopita. Chuoni lilipita kutwa. Waalimu wetu hawawezi kumaliza sentensi bila kusema, "Attention, hii ni ya maana." Kwa hiyo kila lilipokuja jambo la maana, mimi, mtafsiri mwenye kiapo, nilimwambia Éphraïm kwamba wenye bunduki wako mlangoni. Miaka miwili. Niliwahi kuwatafsiria hivyo viziwi wengine kanisani. Nao walitupa jicho mlangoni, wakarudi. Éphraïm alienda na mlango moja kwa moja. Tofauti hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuiona; nyani haoni kundule.

Nilimwambia Maliro yote. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka ghafla, akamtazama Éphraïm.

"Na yeye alikuwa anaamini basoda kumi na tisa na bunduki iko inje, na alikuwa anatujibia?"

"Ndiyo."

"Huyu iko na heshima ya ajabu," akasema, akapasua ile karatasi vipande vinne. "Madame, uliniokoa. Nilikuwa naandika bongo, maneno ya uongo."

Tukatafuta alama mpya. Nikajaribu: macho yanashika kitu, hayakiachii, mikono miwili inatoka machoni ikifumbata. Éphraïm akaisahihisha, akaongeza mtetemeko kidogo mwishoni, kama mtu anayeshika samaki. Ilikuwa nzuri. Maliro akachukua fomu mpya, tukaanza upya, na mimi nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo, maana niliona mambo yamekwisha: kosa ni alama, alama imebadilishwa, mtoto ni mzima.

Swali la kwanza. Éphraïm hakutazama mlango. Alinitazama mimi, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza polepole: "Hicho wanachouliza, kina jina? Wasikiao nao wanacho?"

Nikamuuliza Maliro. "Biko nacho bengi," akasema. "Bengi sana." Nikatafsiri hivyo hivyo.

Sijawahi kuuona uso wake vile. Mtu akitafuta ufunguo nyumba nzima, mwisho akaambiwa mlango huu una kitasa kingine, nadhani ndivyo anavyokuwa. Mikono yake ikaanza. Ndiyo, akasema. Ndiyo, ndiyo. Akanieleza kwamba Jumapili, viziwi wote wanapokaa nyuma ya kanisa kusimuliana, anaanza kufuata hadithi, na katikati mikono ya msimulizi inakuwa mikono tu, kama matawi; akishtuka wenzake wamecheka, wamemaliza. "Pale hakuna masikio," akasema. "Pale wote ni viziwi. Kwa nini ninapotea peke yangu?" Akanieleza habari za Sagesse, mdogo wake. Aliachiwa amchunge, mama akifua mtoni. Mtoto aliokotwa na watu ng'ambo ya kilima cha pili. Walimchapa, kisha wakamhurumia: hakusikia mtoto akilia. "Sikuambiwa nimsikie. Niliambiwa nimwangalie. Nilikuwa na macho."

Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka.

"Anajibu nini?" Maliro akauliza, kalamu juu ya karatasi.

Nilikuwa nimekaa kuelekea dirishani. Chini kule askari mmoja alikuwa amemsimamisha mzee na baiskeli, anamwaga gunia lake la mihogo barabarani, moja moja, bila haraka. Nikafikiri habari za Kasonia. Nikafikiri: trouble, donc inapte, donc kadi, donc Kayna, bariyeri baada ya bariyeri, na huyu mtoto hasikii, na kumbe hata akionyeshwa kwa mkono atakuwa anatazama siafu. Masikio peke yake yaliniogopesha. Sasa yalikuwa mawili.

"Anajibu non," nikasema.

Ilitoka rahisi. Neno dogo hilo.

Swali la pili. Éphraïm akajibu ndiyo, na kisa. Nikasema non. La nne, ndiyo na visa viwili. Non. Maliro akainua uso.

"Mikono mingi kwa non moja, Madame."

"Baziwi ni vile, Monsieur. Banazunguka sana."

Nimewatetea viziwi mbele ya maofisa, mbele ya mapadri na wachungaji, mbele ya mama zao wenyewe, kwamba lugha yao ni lugha kamili, kila mkono una neno lake. Siku ile niliwasingizia watu wangu wote ili uongo wangu upite. Na kwa kuwa mboga isiyo na chumvi hushukiwa, nilitia ndiyo mbili: kwenye kupoteza vitu vidogo, na kwenye kutikisa miguu, maana goti lake Maliro alishaliona. Kumi na sita zilizobaki zikawa non. Éphraïm alikuwa akinitazama mimi tu, amejaa furaha, akimwaga maisha yake yote mikononi mwangu. Karatasi ilikuwa chini ya kiganja cha Maliro.

Lakini fomu ilihitaji sahihi ya mhusika. Maliro akaigeuza, akamsogezea na kalamu.

Nilikuwa nimesahau kwamba anasoma. Mimi, niliyemfundisha. Nilimwona akishuka na safu ile kwa kidole, non, non, non, oui, non. Alifika chini, akarudi juu, akashuka tena. Wala hakuonyesha kushangaa sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Nani alijibu?" akaniuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilinyoosha kidole nikagusa kadi kifuani mwake. Akaitazama. Akatazama dirisha, zile nondo, kisha kalamu mkononi mwake. Angeweza kufuta. Angeweza kuandika ndiyo zake zote kumi na nane pale pale kwa Kifaransa kizuri kuliko cha Siméon. Nilimwona akilifikiria, na niliogopa, kisha niliona aibu ya kuogopa kwangu. Chumba kile kilikuwa kimetubana sote, hakuna aliyekuwa na mahali pa kusogea. Akatia sahihi.

Maliro akaipokea, akaikunja, akashusha pumzi.

"Ni vizuri," akasema. "Mais nikisema kweli, Madame, nilikuwa natumaini tutapata kitu. Kule Kisangani nilikuwa na banafunzi babili ya namna ile, basikiaji. Tulibakatia examen mu vipande, nusu saa, nusu saa. Mutu moja anaikala nabo karibu, anabageuzia karatasi, anabakumbusha siku. Bote babili bana diplôme sasa. Kama huyu angekuwa nayo, ningeandika barua, ningesimama mbele ya comité mimi mwenyewe."

"Na inapte?"

"Inapte ni neno ya Secrétaire. Mu rapport yangu haitaingia. Pengine bangekataa. Pengine hapana."

Éphraïm alinigusa mkono. "Anasema nini?"

"Anakuaga," nikamwambia.

Maliro alikaa Butembo wiki nzima baada ya hapo. Nilikutana naye mara mbili njia ya sokoni, na mara zote mbili tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua. Ningeweza kusema. Hofu ilikuwa imekwisha siku ya tatu. Kilichobaki ni haya, na haya ina nguvu kuliko hofu kwa mtu kama mimi, aliyezoea kuwa sahihi. Ningesemaje kwamba nimedanganya na mikono yangu, mimi Orpa Kasika? Kisha akapata nafasi kwenye ndege ndogo iliyotua Beni, akaenda, na njia ikafungwa tena.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Huku hata kifo hakikusubiriwa. Mwezi wa saba Éphraïm alifanya mtihani wa kurasa nne. Kurasa mbili alizijibu vizuri mno, mwalimu mwenyewe alikiri. Nyuma ya karatasi hakugeuza. Mtihani uliofuata alifika kesho yake, amechana nywele, kalamu mbili mfukoni. Siméon alimvua kadi kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, asimkwaruze sikio na kamba.

"Pole, Madame," akaniambia. "Hapana kosa yake. Ni masikio."

Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka watu wakagonga.

Tangu hapo Éphraïm yuko ndani ya ua wa shule yetu, na sasa ni mwaka wa pili. Anashona sare za watoto. Kayna hawezi kwenda. Hata sokoni hawezi, maana njia ya soko inapita kwenye boriti. Ananie humtumia maharagwe kwa madereva, na salamu. Ua una hatua sitini kwa arobaini. Najua kwa sababu nimemwona akizihesabu.

Mwezi wa kenda wa mwaka ule nilimweleza alichosema Maliro. Nilimweleza yote, na ile ya "anakuaga". Nilitaka anikasirikie, nililihitaji hilo kama maji. Aliniuliza jambo moja.

"Mtu anakaa karibu, anageuza karatasi?"

"Ndiyo."

"Kila karatasi?"

"Kila karatasi."

Akanipa mgongo, akarudi kwenye cherehani. Kiziwi akikupa mgongo amekufunga mdomo. Unaweza kupiga kelele mpaka jioni. Kushona anashona, kunisalimu ananisalimu, mimi ni mwalimu wake na adabu hajaiacha. Lakini kisa hata kimoja hajanisimulia tena.

Wiki mbili zilizopita askari wa bariyeri alipanda mpaka kwetu. Alikuwa amesikia kuna kijana mzima anayejificha ndani ya shule, akataka kujua ni wa upande gani. Kijana mwenyewe, huyo askari, umri wa Éphraïm, bunduki yake imefungwa kwa kamba ya mkonge. Tulikuwa uani. Nikainua mikono kuanza kutafsiri.

Éphraïm akaishika. Hakuishika kwa nguvu. Aliishusha yote miwili, akaiweka ubavuni mwangu, akaiachia. Kisha akachukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo na kalamu, akaandika akiwa amechuchumaa, karatasi juu ya goti, muda mrefu, na safari hii hakuishia katikati. Akampa askari.

Askari akaipindua huku na huku. "Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi hapana jua kusoma. Iko nasema nini?"

Nikaipokea. Ilikuwa kwa Kiswahili, herufi kubwa kama zile nilizomfundishia ubaoni. Nikasoma kwa sauti:

"Mimi ni Kakule Éphraïm wa Kayna. Nashona nguo. Sina upande. Mimi ni kiziwi. Tena nina ugonjwa mwingine, macho yangu hayashiki, hata ukinionyesha mkono naweza kupotea. Ukiniita sitasikia. Ukinipungia huenda nisione. Njoo karibu uniguse bega."

Nilisoma polepole. Éphraïm hakunitazama hata mara moja. Alikuwa amekazia macho uso wa yule askari, mstari kwa mstari, hakupepesa, apime kama ninasoma alichoandika yeye au ninasema langu.